Simu ya Zamani Kuwa Ghala la Mafaili Nyumbani

Dada mmoja wa Tabata Segerea ameniandikia hivi. Nyumbani kwake kuna simu nne, pamoja na laptop ya duka lake la steshenari ambayo hurudi nayo kila jioni. Simu zimejaa picha na video, na kila wiki yupo anayelalamika kuwa nafasi imekwisha. Anayo simu ya zamani ya Android yenye GB 128, kioo kimepasuka pembeni lakini inawaka vizuri, na diski ya nje ya tera moja. Kijana wake anasema simu hiyo inaweza kuwa seva ya nyumbani, yaani kifaa kinachowaka muda wote na kutunza mafaili ya wote. Fundi anataka kumuuzia kompyuta ya mezani iliyotumika kwa kazi hiyohiyo, na jirani anamshauri kisanduku cha TV cha Android cha Kariakoo. Anauliza: kijana anasema kweli? Umeme na bando vitaliwa kiasi gani? Na mume wake, aliye kikazi Mtwara, ataziona picha?

Dada, kijana wako anasema kweli, na ningekuomba usimpe fundi shilingi hata moja kabla hujaijaribu simu hiyo. Ila kuna jambo ambalo watu wengi huliruka. Android ilitengenezwa ili simu ilale usipoigusa, na ili programu moja isiingilie mafaili ya programu nyingine. Seva inatakiwa ifanye kinyume cha yote mawili: ikeshe, na ipokee mafaili ya kila mtu. Karibu kila nitakachokueleza kinarudi hapo, kuifanya Android ikeshe na kujua kwa uhakika mafaili yako yanakaa wapi.

Nianze na umeme. Simu iliyozima kioo na kubaki kwenye Wi-Fi ikisubiri mafaili hula umeme kidogo sana. Tuipigie wati 3 nzima: saa 24 kwa siku 30 ni uniti 2.16 kwa mwezi. Kompyuta ya mezani ya zamani, ikiwa imewashwa tu bila kazi, inaweza kuvuta wati 60, na hizo ni uniti 43 kwa mwezi. Kwa mteja wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, ambaye LUKU ya shilingi 10,000 humpa kama uniti 28, simu itakula chini ya shilingi 800 na kompyuta itapita 15,000. Kila mwezi. Umeme ukikatika, kompyuta inazimika palepale, pengine katikati ya kuandika faili, wakati simu inaendelea na betri yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Kitakachozimika ni ruta. Wakati huo mafaili hayatasafiri, lakini hayataharibika pia, na umeme ukirudi kazi itaendelea pale ilipoishia.

Bando ndilo linalowatia watu hofu bila sababu. Faili linalotoka simu moja kwenda nyingine ndani ya Wi-Fi ileile ya nyumbani halitumii bando. Linapita kwenye ruta na kuishia humo ndani, halitoki nje. Hata bando likiisha kabisa, maadamu ruta inawaka, picha zitaendelea kuhama. Kinachoweza kula bando ni simu yenyewe kujisasisha usiku au kupandisha picha Google bila wewe kujua. Kwa hiyo simu ya seva itoe laini, zima masasisho ya kujiendesha ya Play Store, na zima upandishaji wa picha kwenye Google Photos.

Kabla ya hayo yote hamisha kila unachokihitaji kutoka kwenye simu hiyo, kisha irudishe katika hali ya kiwandani. Ifanye simu ya kazi moja. Usiache humo programu ya benki wala ya pesa za simu, kwa sababu simu ya zamani haipati tena masasisho ya usalama na hutaki iwe mlango wa kuingilia kwenye fedha zako.

Sasa betri, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ni suala la moto. Betri ya lithiamu iliyojaa asilimia 100 muda wote, katika joto la Dar, huchakaa haraka na mwishowe huvimba. Igeuze simu utazame mgongo wake. Ukiona umenyanyuka, au kioo kimeanza kuachia kwenye kingo, simu hiyo haifai kwa kazi hii. Usiitoboe, usiibonyeze, usiichaji tena, mpelekee fundi wa simu aitoe betri. Ikiwa mgongo umelala sawasawa, tafuta kwenye mipangilio ya betri sehemu ya kuzuia chaji isipite asilimia 80 au 85. Samsung nyingi wanayo, na simu nyingine nyingi za miaka ya karibuni. Kama haipo, nunua soketi yenye saa, ile inayowasha na kuzima umeme kwa muda uliopangiwa, uiruhusu simu ichaji saa chache tu kwa siku. Vua kava. Iweke juu ya kigae au bamba la chuma, penye hewa, mbali na dirisha la jua, na kamwe isiwe kwenye droo iliyofungwa, kochi au godoro. Chaja iwe nzima, ya kuaminika, si ile ya kuokotezea barabarani.

Programu ninayokushauri ni Syncthing, inayofananisha folda za vifaa tofauti. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na haimhitaji mtu wa kati: kila kifaa kinaongea na kingine moja kwa moja, na mazungumzo yamefungwa kwa usimbaji. Programu yao rasmi ya Android ilisitishwa Desemba 2024, hivyo tumia Syncthing-Fork, inayopatikana F-Droid, duka la programu za Android za bure zenye msimbo wazi. Kwenye laptop ya duka iko Syncthing ya Windows. Ukiisakinisha kwenye simu ya seva na kwenye simu za familia, kila kifaa kinapata utambulisho wake mrefu pamoja na msimbo wa QR. Unauskani, upande wa pili unakubali, basi, vimejuana.

Kwenye kila simu ya familia chagua folda za kushirikisha. DCIM ndiyo yenye picha za kamera. Lakini picha za harusi, za kipaimara na za wajukuu huwa zimekuja kwa WhatsApp, na kuanzia Android 11 hizo zinakaa ndani ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp. Watu wengi husahau folda hiyo na kuja kulia baadaye, kwa hiyo iingize mapema.

Hapa ndipo pana hatari kubwa kuliko zote. Syncthing kazi yake ni kufananisha. Mtoto akifuta video kwenye simu yake ili apate nafasi, Syncthing itaelewa kuwa video hiyo haitakiwi tena na itaifuta kwenye seva pia. Wewe unataka kinyume chake: simu ipate nafasi, seva ibaki nayo. Hivyo kwenye simu za familia weka folda kuwa “Send Only”, yaani inatuma tu, na kwenye seva iwe “Receive Only”, inapokea tu. Hilo peke yake halitoshi, kwa sababu hata folda inayopokea tu hutii agizo la kufuta. Fungua mipangilio ya folda kwenye seva, tafuta “File Versioning”, chagua “Trash Can”, na penye siku za kusafisha andika 0, maana yake isisafishe kamwe. Baada ya hapo kila kilichofutwa kwenye simu kitahamia kwenye folda iitwayo .stversions ndani ya folda ileile ya seva. Jina lake linaanza na nukta, kwa hiyo imefichwa. Mwambie kijana awashe uonyeshaji wa mafaili yaliyofichwa ili uione.

Kabla hujaiamini, ijaribu. Piga picha ya kikombe, subiri ifike kwenye seva, ifute kwenye simu, kisha nenda kwenye .stversions uitafute. Ukiikuta, mfumo unafanya kazi. Usipoikuta, mtu yeyote nyumbani asifute kitu mpaka mjue tatizo liko wapi.

Sasa kuifanya simu ikeshe. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 kuna utaratibu wa kuzilaza programu simu inapokaa kimya, na watengenezaji wengine wameongeza wa kwao juu yake. Nenda kwenye mipangilio ya betri, itoe Syncthing kwenye orodha ya programu zinazobanwa. Kwa Tecno na Infinix fungua pia Phone Master, ambayo husafisha programu zilizo nyuma, uiweke Syncthing kwenye orodha ya zisizoguswa. Kwenye skrini ya programu zilizofunguliwa, ifunge kwa alama ya kufuli kama simu yako inayo. Ndani ya Syncthing-Fork yenyewe, washa kuanza pamoja na simu. Kwa simu za familia, ambazo hutoka nazo kwenda shule na kazini, ielekeze ifanye kazi kwenye Wi-Fi ya nyumbani tu, kwa jina lake. Itaomba ruhusa ya mahali ulipo. Ipe, kwa sababu Android hairuhusu programu kusoma jina la Wi-Fi bila ruhusa hiyo. Hapo bando la watoto litakuwa salama.

Siku ya kwanza itakuwa ndefu. Kwenye Wi-Fi ya kawaida ya 2.4 GHz ukipata megabaiti 5 kwa sekunde si vibaya, na kwa kasi hiyo GB 60 zitachukua zaidi ya saa tatu. Zisogezeni simu karibu na ruta, zichajiwe, mlale. Ikiwa simu hazionani kabisa, angalia kama mojawapo imeunganishwa kwenye Wi-Fi ya wageni ya ruta. Hiyo hutenganisha vifaa makusudi.

Nafasi ya simu, GB 128, kwa hesabu halisi inabaki kama 100 baada ya Android yenyewe. Kwa picha za familia moja na nyaraka za steshenari itakutosha kwa muda. Utashawishika kuongeza memori kadi. Sikukatazi, lakini Kariakoo kadi bandia ni nyingi: imeandikwa GB 256, ndani kuna 16, na ukizidisha inaanza kuandika mafaili mapya juu ya ya zamani bila kukwambia lolote. Kabla ya kuiwekea picha hata moja, ichomeke kwenye laptop na uendeshe programu ya bure iitwayo H2testw. Itaijaza kadi yote kisha kuisoma tena, na kukupa jibu la kweli. Muulize muuzaji mapema kama atakubali uirudishe. Na jambo jingine: kwenye Android za zamani programu huruhusiwa kuandika kwenye kadi ndani ya folda yake maalumu tu, na folda ya namna hiyo inaweza kufutwa pamoja na programu siku utakapoiondoa. Kwa hiyo, popote utakapoweka mafaili, angalia njia ya folda. Ukiona ni Android/data na jina la programu, usiiondoe programu hiyo kabla hujanakili kila kitu.

Unajiuliza kwa nini siichomeki ile diski ya tera moja kwenye simu. Nimefikiria, na jibu langu ni hapana. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampia 500, na diski yenye sahani inayozunguka hutaka zaidi ya hapo inapoanza. Utasikia tik, tik, tik, inajaribu kuzunguka na kushindwa. Ikifanikiwa kuwaka itakula betri ya simu, na simu nyingi haziwezi kuchaji na kuendesha diski kwa wakati mmoja bila kigawio cha USB (hub) chenye chaja yake. Diski yako huenda imefomatiwa kwa NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, ambao simu nyingi haziusomi. Ukiibadilisha iwe na mpangilio wa FAT32, haipokei faili linalofika GB 4, na video ndefu ya harusi hupita hapo. Mpangilio wa exFAT unapokea, lakini hauna kumbukumbu ya kujirekebisha umeme ukikatika katikati ya kuandika. Halafu Android haiziruhusu programu nyingi kuandika kwenye diski ya USB kama zinavyoandika kwenye nafasi ya simu.

Diski hiyo ina kazi iliyo bora zaidi: iwe nakala ya pili. Picha zikikaa kwenye seva peke yake, mwizi mmoja au chaja mbovu moja tu inatosha kuziondoa zote. Kila mwisho wa wiki ichomeke diski kwenye laptop, vuta mafaili mapya kutoka kwenye seva, ichomoe, uende ukaifungie dukani. Moto au mafuriko yakifika nyumbani, picha ziko salama dukani. Ifunge kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Hewa ya Dar ina unyevu na chumvi.

Kuvuta mafaili hayo kunahitaji mlango kwenye simu, na hapo ndipo Termux, programu ya kuandikia amri ndani ya simu, inapoingia. Ichukue F-Droid. Ukiongeza na Termux:Boot, inayoianzisha simu ikiwashwa, nayo itoke hukohuko, maana zikitoka sehemu mbili tofauti hazitakubaliana. Mwachie kijana aandike haya: termux-setup-storage ili ipate ruhusa ya mafaili, pkg install openssh, passwd ili kuweka neno la siri refu, kisha termux-wake-lock na sshd. Jina la mtumiaji atalipata kwa whoami. Kwenye laptop sakinisha WinSCP, programu ya kuhamisha mafaili, andika anwani ya simu, namba ya mlango 8022, jina na neno la siri, na utayaona mafaili upande wa kulia, ya laptop yakiwa kushoto. Tumia sehemu ya “Synchronize”, uelekeo uwe “Local”, na kisanduku cha “Delete files” kibaki tupu. Kikiwa na alama, kosa la seva linaweza kuhamia kwenye nakala yako ya pili. Kwenye ruta ipe simu anwani isiyobadilika, ili usiitafute kila wiki. TV ikiwa ya Android, VLC, programu ya kuchezea video, nayo inaweza kufungua video kwa njia hiyohiyo.

Mtauliza kwa nini haionekani moja kwa moja kama folda ya mtandao ya Windows. Folda hizo hutumia mlango namba 445, na Android hairuhusu programu ya kawaida kufungua mlango ulio chini ya 1024 bila kuvunja ulinzi wa simu. Sikushauri uuvunje kwa ajili hiyo.

Kuhusu kisanduku cha TV cha jirani. Kwa maumbile kinafaa kuliko simu: hakina betri ya kuvimba, kina umeme wake, na wati zake ni chache. Lakini Januari 2023 mtaalamu wa Canada, Daniel Milisic, alionyesha kuwa kisanduku alichonunua, aina ya T95, kilikuja na programu mbaya tayari ndani. Oktoba mwaka huohuo kampuni ya usalama ya HUMAN ikatoa ripoti ya mtandao mzima wa vifaa vya namna hiyo, ikauita BADBOX, na Juni 2025 FBI ya Marekani ikawaonya wananchi kuhusu toleo lake la pili, lililokuwa limeingia kwenye mamilioni ya vifaa. Programu hiyo inakuwa ndani ya mfumo kabla boksi halijafunguliwa, kwa hiyo kukirudisha katika hali ya kiwandani hakuisafishi. Kifaa cha bei ya kutupa, kisicho na jina, kisichotambuliwa na Play Protect, ulinzi wa Google kwa vifaa vya Android, usikiwekee picha za wanao wala hesabu za duka. Kama siku moja mafaili yatazidi uwezo wa simu, tafuta kisanduku kinachokubali Armbian, mfumo wa Linux wa vifaa vidogo, ufute Android yake yote, na diski uipe umeme wake. Chenye tundu la waya wa mtandao la megabiti 100 kitakupa kama megabaiti 11 kwa sekunde, na kwa nyumba ya kawaida hiyo inatosha.

Na baba wa Mtwara. Usifungue mlango wowote wa ruta kuelekea mtandaoni, hasa kwa simu isiyosasishwa. Kwa intaneti ya laini za 4G mara nyingi hata hutaweza, kwa sababu wateja wengi hugawana anwani moja ya nje. Sakinisha Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako vilivyo mbali, kwenye simu ya seva na kwenye simu yake, akaunti moja, na mbili hizo zitaonana kwa njia iliyofungwa popote alipo. Nayo itoe kwenye ubanaji wa betri, ama sivyo itakatika usiku. Hapo ndipo bando linaliwa, na linaliwa kotekote: lako linapopandisha, lake linaposhusha. Video ya GB 1 itawagharimu GB 1 kila upande. Kwa hiyo mtengenezee folda yake ndogo, mwe mnaweka humo picha mnazotaka azione, azichukue akiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini. Zile nyingine azisubiri atakaporudi likizo, simu yake ijiunganishe yenyewe akifika sebuleni.